Kona ya Wageni

Grimsby,
19 Septemba 1988

Mwanangu kipenzi Royston,

Kabla ya lolote, unakula? Huyo Bi. Pargeter mwenye nyumba wako anakupikia mboga, au ni viazi tu kila siku? Mimi sijambo, ila miguu. Sakafu ya kiwanda cha samaki ina maji saa zote na viatu vya mpira havizuii baridi, vinaifungia ndani tu. Usicheke mwandiko wangu. Unajua shule niliiacha mapema nikaenda kupasua samaki, na kisu nakijua kuliko kalamu. Ningekupigia simu lakini kibanda cha mtaani vijana wamekivunja tena.

Nimesoma gazeti. Yaani, Winnie wa nyumba ya pili amenisomea, maana matokeo ya ngumi siku hizi wanayachapa madogo kama sisimizi. Stoke, umeshindwa kwa pointi. Burnley, umeshindwa kwa pointi. Winnie akasema, "Edna, huyu mwanao ameshindwa kila mahali penye stesheni ya treni." Nikamwambia, "Ameshindwa, sawa. Nani amemwangusha? Nitajie mmoja." Akatafuta, akaomba sukari.

Hakuna. Katika uzito wenu huo wa kruza, ulio chini kidogo ya uzito wa juu, hakuna mwanaume Uingereza nzima aliyewahi kukukalisha chini, wala refa hajawahi kukusimamishia pambano. Hata usiku ule ulipopigania taji la kanda, mji mzima ukiimba jina lako, wakakupasua nyusi zote mbili, ulimaliza umesimama. Kiwandani wote wanalijua hilo kwa sababu nawaambia. Ni mimi niliyekufundisha. Ulipokuwa unarudi unalia, watoto wa barabara ya chini wamekupiga, nilikufungulia mlango nikakwambia rudi nje, simama.

Sasa kuna kitu kimoja. Barua yako ya mwezi wa nane na ile ya juzi ni barua moja. Sisemi zinafanana. Nasema ni moja, mbwa wa Bi. Pargeter amekula soksi zako, ukamfukuza mpaka kwa mwuza nyama, neno kwa neno mpaka salamu za mwisho. Nikajiambia, labda mbwa amekula tena. Je, amekula tena?

Jifunike kifua ukitoka mazoezini.

Mama yako,
Edna Thurlby


Walsall,
27 Septemba 1988

Mama,

Ndiyo, amekula tena. Yule mbwa ni mwizi sugu, hana dawa. Acha kuhesabu maneno yangu kama karani wa mahakama.

Mwambie Winnie kwamba kushindwa ndiyo kazi yangu, na naifanya vizuri. Kijana wa mji ndiye anayeuza tiketi. Shangazi zake wamekuja, wajomba, baa nzima imekuja, wote wanataka kumwona akiinuliwa mkono. Basi lazima awepo mtu wa kukaa kona ya wageni, ampe kijana raundi sita, asimwumize, asimwaibishe, na asianguke. Mtu huyo ni mimi. Kocha Haxby anapigiwa simu Alhamisi, kuna bondia kaumia kidole, Jumamosi mimi nimepanda ulingoni. Juzi kijana mmoja wa Oldham alinikumbatia raundi ya nne, anahema kama ng'ombe. Nikamwambia sikioni, "Inua mikono, dogo, mama yako anatazama." Akasema, "Asante, mzee." Halafu akanitwanga ya sikio. Adabu za siku hizi hizo!

Kitu kimoja tu ndicho hakitakiwi, nacho ni kusimamishwa. Refa akikatisha pambano kwa ajili yako, au ukihesabiwa mpaka kumi, Baraza la Ngumi linakufungia mwezi mzima bila kupigana, upende usipende. Mtu kama mimi, mwezi mzima akiangalia dari, promota wanamsahau. Kwa hiyo nasimama. Hata kwa kuning'inia kwenye kamba, nasimama.

Kichwa kinaniuma kidogo asubuhi. Ni zile taa za ukumbini. Nitakuja Krismasi.

Mwanao,
Roy


Grimsby,
4 Januari 1989

Royston mwanangu,

Tangu treni yako iondoke sijatulia. Nafua, nasahau nguo kwenye maji. Nimeianza barua hii mara tatu.

Nilikutuma mkate. Duka liko mwisho wa mtaa, palepale ulipokuwa ukinunua peremende ukiwa na kaptura. Ulitoka kweupe, giza likaingia, mkate haujafika. Winnie ndiye aliyekukuta, barabara mbili kutoka hapa, umesimama mbele ya mlango wa watu unajaribu ufunguo. Akakwambia, "Roy, hapa si kwenu." Ukacheka, ukasema, "Natania tu, Winnie, nilitaka kuona kama watanipa chakula kizuri kuliko cha Mama." Winnie alicheka njia nzima. Mimi sikucheka. Niliuona uso wako ulipoingia, na haukuwa uso wa mtu anayetania.

Na siku ya kuondoka nilikufunga kamba za viatu. Niliinama nikakufunga, mwanaume wa miaka thelathini na mbili, nawe ukaniacha nikufunge ukiangalia ukutani. Hatukusemeshana. Nasema sasa.

Nimefikiri sana, na unajua mimi kufikiri huwa kunaniumiza tumbo. Miaka yote nimekuwa nikijisifu kiwandani, mwanangu haanguki, mwanangu haanguki. Leo naona nilikuwa najisifia balaa. Anayeanguka anapumzishwa. Wanamrudisha nyumbani mwezi mzima, anakula supu, kichwa kinapoa. Wewe hujapumzishwa hata mara moja. Wengine walipigwa wakalala, wewe umepigwa ukaendelea kupigwa, Jumamosi baada ya Jumamosi, na mimi mama yako nikishangilia.

Basi nakuomba. Safari ijayo, akikugusa tu, piga goti. Kaa chini. Mwache refa ahesabu mpaka achoke. Nani atakucheka? Wakikucheka, njoo kwangu, hapa hakuna atakayekucheka.

Nakubusu kichwani, palepale panapouma.

Mama


Walsall,
22 Januari 1989

Mama,

Nilikuwa nimechoka na safari. Mitaa yetu yote imefanana, milango yote ya kijani. Hata mtu wa posta anakosea. Na viatu vile vilikuwa vipya.

Goti siwezi. Usiniombe tena. Unajua nina nini mimi? Taji sina, mke kaondoka, sura hii hata paka anaikimbia. Nikiingia chumba cha kuvalia, vijana wananong'ona, "Huyo ndiye Thurlby, hajawahi kusimamishwa." Wananipisha kiti. Ndicho nilicho nacho, Mama, na ulinipa wewe.

Halafu Daktari ananipima kabla ya kila pambano, kwa hiyo tulia. Ananimulika macho, ananiuliza leo siku gani, tuko mji gani. Haxby ni mjanja, mlangoni ananiambia sikioni, "Jumamosi, Rotherham," kama mtu anayemnong'oneza mtoto jibu darasani. Naingia nasema, "Jumamosi, Rotherham, Daktari, na wewe hujambo?" Tunacheka sana kwenye gari tukirudi.

Habari njema ni hii. Tarehe 18 Machi napigana Cleethorpes, ukumbi wa ufukweni, unaweza kuja kwa basi la mji. Mpinzani ni Lance Cawkwell, yule kijana wa hapo Grimsby anayesifiwa. Ndiyo, nitakaa kona ya wageni mlangoni kwetu! Watanizomea kwa lafudhi ya nyumbani. Vaa koti lako zuri, kaa mbele.

Roy


Grimsby,
30 Januari 1989

Royston,

Ile habari ya Haxby nimeisoma mwenyewe, Winnie sikumpa. Nimeisoma mara nyingi nikitafuta mahali pa kuchekea.

Kwa nini unahitaji kuambiwa?

Mimi si msomi, lakini siku ya leo naijua bila kunong'onezewa. Winnie ana miaka sabini na mbili na anaijua. Daktari haulizi maswali hayo kwa kukosa mazungumzo, mwanangu. Anakutafuta. Haxby anamfungia mlango, na wewe unamshikia kitasa.

Sasa nisikilize, nakuambia mapema ili usije ukasema mama yako alikuzunguka. Mwambie Haxby pambano la Machi hulitaki. Nenda mwenyewe ukapimwe kichwa. Usipokwenda, nitakuja Cleethorpes na koti langu zuri, lakini sitakaa mbele. Nitakwenda kwa yule Daktari nimweleze habari ya mkate, ya viatu, na ya Haxby mlangoni.

Najua utanichukia. Nimekaa na hilo mezani toka asubuhi, chai imepoa. Lakini nikichagua kati ya mwana anayenichukia na mwana asiyenijua, nimeshachagua.

Nijibu. Hata mstari mmoja.

Mama


Grimsby,
27 Februari 1989

Royston,

Hujajibu. Matangazo yamebandikwa mpaka kwenye lango la kiwanda, picha ya Lance kubwa, yako ndogo chini, ile ya zamani uliyokuwa na nywele. Shangazi yake Lance anauza tiketi kwenye meza ya kupasulia samaki. Mtaa mzima umenunua. Ameniuliza, "Edna, utamshangilia nani?" Nikasema kisu changu kimekuwa butu, nikaondoka.

Bado kuna muda. Nijibu, kipenzi.

Mama


Walsall,
11 Aprili 1989

Bi. Thurlby,

Nakuita hivyo kwa sababu sijui nikuiteje.

Nilidhani ni maneno tu, kama ulivyokuwa ukisema utanipeleka polisi nisipokunywa maziwa. Nimekaa pale kwenye kitanda cha kupimiwa bila shati, Haxby ameshanipa jibu langu, nasema, "Jumamosi, Cleethorpes, Daktari." Nyuma yake nakuona wewe. Umeshika mkoba kwa mikono miwili kama uko kanisani. Daktari akauliza, "Bwana Thurlby, mara ya mwisho ulipigana wapi?"

Nikasema Cleethorpes.

Akasema taratibu, "Cleethorpes ni hapa."

Nilikosea! Nani hakosei? Haxby akaanza kupiga kelele, "Bondia gani huyu analetewa mama yake, alete na chupa ya maziwa!" Kijana Lance amesimama mlangoni na glovu zake mkononi, ananiangalia. Sikujali kupigwa na yeyote maisha yangu yote. Lakini yule kijana alinionea huruma. Hilo umenifanyia wewe.

Haya, umepata ulichotaka. Wamenipiga picha ya kichwa Birmingham. Wanasema katikati ya ubongo kuna uwazi usiotakiwa kuwepo na umekuwa mkubwa. Leseni wamechukua. Haxby hapokei simu zangu. Mazoezini wamempa mtu mwingine msumari wangu wa kutundikia nguo.

Miaka yote hakuna aliyenisimamisha. Umenisimamisha wewe.

Usiniandikie. Mimi sina mama.

R. Thurlby


Grimsby,
20 Aprili 1989

Royston,

Umesema nisiandike. Naandika. Ukitaka ichome, Bi. Pargeter ana jiko la makaa.

Ni kweli, ni mimi. Sitaki kusema Daktari alinilazimisha, au Winnie alinishauri. Nilikaa kwenye kiti cha korido, nje ya chumba cha Daktari, nikasikia ukumbi unaanza kuimba, nikainuka mara mbili nirudi nyumbani, nikakaa tena. Daktari alipopita nikamshika mkono wa koti. Nilidhani atanifukuza. Akasema, "Keti, mama, nieleze polepole."

Kiwandani hawanisemeshi. Pambano lilivunjika, watu walikuwa wamevaa, wamelipa. Shangazi yake Lance ananipitishia ndoo bila kuniangalia. Sawa tu. Baridi ya watu siyo mpya kwangu, na ile ya samaki ni kali zaidi.

Kuna kitanda chako hapa. Shuka nimebadilisha.

Mama


Grimsby,
2 Juni 1989

Royston,

Siombi jibu. Nataka tu ujue maharage ya uwani yameota, na kwamba nimezungumza na hospitali ya hapa. Kuna mtu anayeshughulika na vichwa, anakuja kila Jumanne. Si mdogo wala si mwenye haraka. Nimemwona kwa macho yangu, niliingia nikajifanya nimepotea.

Kila nikisikia kifuniko cha tundu la barua mlangoni nashika ukuta kwanza.

Mama


Walsall,
Februari 1989

Mama mpenzi,

Mbona kimya hivyo? Kila siku namwuliza Bi. Pargeter kama kuna barua, anasema, "Subiri, Roy, subiri," halafu anapenga makamasi. Umenikasirikia? Kama nilikukosea jambo Krismasi, nisamehe, unajua mdomo wangu.

Nina habari njema. Tumepangiwa Cleethorpes mwezi wa tatu, ukumbi wa ufukweni! Kijana mmoja wa huko kwetu, jina limenitoka. Haxby hajanipigia kunieleza, labda simu hapa ni mbovu. Najiweka tayari. Kila asubuhi nakimbia mpaka mferejini na kurudi. Bi. Pargeter ananifuata nyuma na baiskeli, mama mtu mzima yule, sijui ana wazimu gani. Joto lake! Sijawahi kuona Februari ya joto namna hii.

Usikose kuja. Kaa mbele nikuone. Nikikuona wewe huwa sianguki.

Mwanao akupendaye,
Roy


Grimsby,
15 Julai 1989

Mwanangu, kipenzi changu, Royston,

Barua yako nimeipata juzi. Juu umeandika Februari, mhuri wa posta unasema Julai. Nimekaa nayo kwenye ngazi, na nikuambie ukweli, kitu cha kwanza nilichohisi ni furaha. Mungu anisamehe. Nilisoma "Mama mpenzi" nikalia kama mtoto, kabla sijaelewa kwamba umerudi kwangu kwa sababu umesahau ulikuwa umeondoka.

Winnie amesema, "Mwache hivyohivyo, Edna. Amesahau, umepona. Mwambie pambano limeahirishwa, mwambie Haxby anaumwa." Nilifikiri kufanya hivyo. Ni rahisi kweli, kalamu nilikuwa nimeshaishika. Lakini huyo atakuwa Haxby wa pili, ananong'ona mlangoni.

Kwa hiyo nakuambia. Hakuna pambano, kipenzi. Lilikuwa lipo na lilivunjwa, na aliyelivunja ni mimi. Kichwa chako kimeumia, promota hawatakupangia pambano tena. Ulikasirika ukaniambia huna mama. Ulikuwa na haki ya kukasirika. Sasa umekasirika tena, najua, nakuona ulivyokunja uso. Kasirika.

Jumanne ninakuja kukuchukua. Nimeomba ruhusa kiwandani, wamenipa, hata shangazi yake Lance amenifungia samaki wa njiani. Bi. Pargeter anajua, atakuwa na wewe mpaka nifike, mpe mkono wako asikutafute.

Ndani ya treni utaniuliza mbona Haxby hapigi simu. Nitakuambia kama nilivyokuambia hapa. Utanikasirikia, utageukia dirishani. Tukifika stesheni ya Lincoln utakuwa umesahau, utaniuliza tena, nami nitakuambia tena, na utanikasirikia upya kama mara ya kwanza. Na kesho yake, na mwaka mwingine. Uliza tu. Kila ukigeuka kutoka dirishani utanikuta nimekaa kiti kilekile.

Usinisubiri barabarani. Nisubiri ndani.

Mama yako,
Edna